Wiki ya 33, mtoto wa kwanza: baba aandae nini na aanzie wapi?

BabaMtarajiwa_Malaba
Habari zenu wakubwa. Mke wangu ana mimba ya kwanza, leo ametimiza wiki 33. Siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho ilikuwa 5 Agosti, kliniki wakaandika 12 Mei. Anahudhuria kituo cha afya daraja la tatu (HC III) hapa Malaba, upande wa Uganda. Nguo za mtoto tunazo, beseni lipo. Naomba kujua mambo matatu: vifaa vya kubeba na idadi yake, wakati gani hasa wa kutoka nyumbani, na hela niiweke vipi. Wazee wa nyumbani wanasema nisihangaike, hayo ni mambo ya wanawake.

Mkunga_wa_Usiku
Karibu, ndugu. Nianze na tarehe, maana wengi hukosea hapo. 12 Mei ni makadirio tu: siku 280 tangu hedhi ya mwisho. Mtoto aliyekomaa anaweza kuja kuanzia wiki ya 37 hadi ya 42, kwa hiyo kwenu ni kuanzia 21 Aprili mpaka 26 Mei. Mkoba uwe umefungwa ifikapo 14 Aprili. Anayeuandaa "wiki ya mwisho" huwa anautafuta wembe saa nane usiku.

Kabla ya kununua chochote, uliza kituoni kama Mama Kit ya serikali ipo. Ndani yake mna karatasi ya plastiki, glavu, pamba, gozi (shashi ya vidonda), wembe, uzi wa kufungia kitovu na sabuni. Lakini hata wakikuambia ipo, nunua akiba, kwa sababu stoo huisha na huwezi kujua itaisha lini.

Akiba yenyewe: kavera (karatasi ya plastiki) nzito mita 3, uikate vipande viwili. Kimoja cha kulalia, kingine cha kufungia nguo chafu wakati wa kurudi. Watu hununua mita moja, damu na maji vinapita pembeni, godoro linaloa, na mama analalia ubaridi. Glavu za upasuaji, zile zilizofungwa pea moja moja, pea 6, saizi 7 na 7.5. Boksi la glavu za kawaida si mbadala: ni fupi na hazijatakaswa, hazifai kuzalishia. Wembe 2 mpya ndani ya karatasi yake. Vibanio vya kitovu 2. Pamba gramu 500, gozi, Jik (dawa ya kuua vijidudu) chupa ndogo, sabuni ya mche, pedi kubwa pakiti 2, shuka 2, khanga 4, beseni la pili (la kwanza litafulia, na beseni la kufulia halimwogeshi mtoto). Chupa ya chai, kikombe, sukari.

Za mtoto zisizidi: fulana 3, kofia 2, soksi, shali nzito 2, nepi za kitambaa 12 au pakiti moja ya pampasi saizi 1. Zote zifuliwe na zikauke kabla ya kufungwa, mpya pia. Kofia ni muhimu kuliko nguo zote, kwa kuwa mtoto mchanga hupoteza joto jingi kupitia kichwani.

Sasa upangaji. Fanya mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa leba: kavera, glavu, wembe, vibanio, pamba, Jik, shali moja na kofia moja. Wa pili ni wa baada ya kujifungua. Wa tatu, wenye shuka za ziada, sufuria na unga wa uji, unabaki nyumbani ukiwa tayari, uletwe tu akifanyiwa upasuaji au akilazwa zaidi. Sababu ni hii: wodi nyingi za leba mama hulala zaidi ya mmoja bila pazia, kwa hiyo mwanaume husimamishwa mlangoni. Mkoba utapekuliwa na mtu mwingine mwenye haraka. Kama glavu ziko chini ya nguo za mtoto, kila kitu kitamwagwa sakafuni. Halafu tafuteni mwanamke mmoja atakayeingia naye, na awe anaijua hiyo mifuko.

Suala la "mambo ya wanawake" silijibu. Utalijibu mwenyewe siku ya kutafuta gari.

Dereva_wa_Tororo
Gari nitaliongelea mimi. Usitegemee bodaboda. Barabara ina mashimo, uchungu ukipanda mama anashindwa kushikilia, na akizimia hakuna wa kumzuia asianguke. Ongea na madereva wawili wa gari la kukodi, siyo mmoja, kwa sababu simu ya mmoja itakuwa imezimwa siku hiyo. Patana bei ya usiku sasa hivi, ya kwenda kituoni kwenu na pia ya kwenda Tororo mjini. Mwonyeshe dereva nyumba mchana, maana usiku, na mvua ya Aprili na Mei juu, maelezo ya "pita kwenye muembe" hayafai kitu.

Na wewe uko Malaba, foleni ya trela unaijua. Ikiziba lami, ni njia ipi gari dogo inapita? Uliza dereva kama anaijua, na kama inapitika ikinyesha. Ndani ya gari mama alale kwa ubavu wa kushoto kiti cha nyuma, asilale chali.

Mkunga_wa_Usiku
Sahihi kabisa, mzee. Akilala chali, tumbo linabana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo: presha inashuka, na mtoto anapungukiwa hewa.

Wakati wa kutoka: hesabu uchungu kwa saa, kuanzia mwanzo wa mmoja hadi mwanzo wa unaofuata. Kwa mimba ya kwanza, ukija kila dakika 5, ukakaa karibu dakika moja, na hali hiyo ikaendelea kwa saa nzima, ondokeni. Uchungu wa uongo hupungua akitembea au akipumzika. Wa kweli hauachi, unazidi kukaza. Mimba ya kwanza huchukua muda mrefu, mara nyingi zaidi ya saa 12, kwa hiyo asianze kusukuma nyumbani kwa kuambiwa na jirani.

Yapo ya kutosubiri hata dakika: damu nyekundu inayotoka kama hedhi, kichwa kinachouma sana pamoja na macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa, mtoto kuacha kucheza au kucheza kidogo kuliko kawaida yake. Chupa ikipasuka, tazama rangi. Maji ya kijani au kahawia maana yake mtoto amejisaidia tumboni, nendeni mara moja. Yakiwa meupe bila uchungu, bado nendeni siku hiyo hiyo, kwa sababu njia ya vijidudu imefunguka. Na ukiona kitovu kimetangulia kutoka, apige magoti na kuinamisha kifua chini, makalio juu, kisha gari liitwe. Usikirudishe ndani.

Swali moja ambalo baba wengi hawaulizi: HC III inazalisha kawaida, haina upasuaji. Muulize sista wa kituoni leo kwamba ikishindikana wanawapeleka wapi, gari la wagonjwa linapigiwa namba ipi, na mafuta ni juu ya nani. Kawaida hupelekwa HC IV (kituo cha daraja la nne) yenye chumba cha upasuaji au hospitali ya Tororo, na ikizidi huko ni hospitali ya rufaa ya Mbale.

Hesabu_Kwanza
Hela: igawe mafungu mawili. La kwanza ni noti taslimu, ndogo ndogo, mfukoni mwako mwenyewe, maana wewe utabaki mlangoni: gari, dawa ya kununua nje, chakula. La pili, la rufaa, libaki kwenye simu. Usiweke zote kwenye simu, kwa kuwa usiku mawakala wamefunga na mtandao hukatika wakati wowote. Na mke aijue namba ya siri, maana simu inaweza kubaki kwake na wewe uko famasi.

Likizo: Sheria ya Ajira ya 2006 inampa baba siku 4 za kazi zenye malipo, na zinachukuliwa mara tu mke anapojifungua. Hazisogezwi hadi siku ya sherehe. Mjulishe mwajiri kwa maandishi mapema.

BabaMtarajiwa_Malaba
Asanteni sana. Sista, swali la nyongeza: upande wa mama mkwe wanataka kuleta dawa ya kienyeji "ya kufungua njia", ile ya udongo. Pia kuna ya kumwogeshea mtoto. Na damu, ndugu zangu wanasema watakuja kutoa siku hiyo hiyo.

Mama_wa_Wanne
Ya kuogeshea ni kyogero, wenyeji wa Buganda wanaithamini na sioni haja ya kugombana na mtu. Ila maji yasiwekwe kwenye beseni siku tatu yakipashwa upya, mtoto asinyweshwe, na yasimwagiwe kitovuni. Siku ya kwanza asiogeshwe kabisa, asubiri saa 24. Kabla ya hapo joto lake halijatulia.

Mkunga_wa_Usiku
Hiyo nyingine, emumbwa (udongo uliochanganywa na majani ya dawa) na ndugu zake, hapana. Baadhi ya majani hukaza mfuko wa uzazi kwa nguvu ambayo hakuna anayeweza kuipima. Njia ikiwa haijafunguka, mfuko unaweza kupasuka. Mwambie mama mkwe kwa heshima, tena mwambie mapema, na ikiwezekana amsikie sista mwenyewe kliniki. Akiwa ameshaitumia, msifiche, semeni mlangoni, kwa sababu mkunga asipojua anaweza kuongeza dawa ya uchungu juu yake.

Kuhusu damu, ndugu zako wana nia nzuri lakini wamechelewa kwa hesabu. Damu iliyotolewa lazima ipimwe kwanza Ukimwi, homa ya ini na kaswende, haitoki mkononi ikaingia kwa mgonjwa. Waende sasa watoe kwa benki ya damu. La muhimu zaidi, fungua kadi yake utazame kundi la damu. Likiwa hasi (limeandikwa alama ya kutoa, kama O-), na mtoto akazaliwa chanya, mama anahitaji sindano ya anti-D, ya kulinda mimba zijazo, ndani ya saa 72. Lazima ikae kwenye friji na si kila famasi inayo, kwa hiyo itafutwe kabla.

Ukiwa na kadi mkononi, angalia pia vipimo vya HIV, kaswende na wingi wa damu, na uhesabu ni mara ngapi amemeza dawa ya SP ya kukinga malaria. Zisiwe chini ya dozi 3, zikipishana angalau mwezi mmoja. Kama bado, kliniki ijayo aikumbushie.

Mama_wa_Wanne
Akishazaliwa, titi ndani ya saa moja. Yale maziwa ya kwanza ya njano, dang'a, hayakamuliwi kutupwa. Maji ya sukari hapana. Kitovu kisipakwe majivu, mafuta wala samadi, kikauke chenyewe. Nepi ifungwe chini yake. Akigeuka njano ndani ya saa 24 za kwanza, au akikataa kunyonya, rudini kituoni siku hiyo.

Hesabu_Kwanza
Kabla hamjatoka kituoni dai taarifa ya kuzaliwa, ndiyo mnayoipeleka NIRA (mamlaka ya vitambulisho na usajili) kwa usajili. Majina yenu yaandikwe kama yalivyo kwenye vitambulisho vya taifa, herufi kwa herufi. Beba vitambulisho vyote viwili, na uvitie mfuko wa kwanza pamoja na kadi ya kliniki.