Madevelopa, mfumo ukigoma kuwaka mnamwonyesha mteja nini? Nimechoka!

Wakuu habari zenu. Leo nina hasira na sizunguki. Mimi ndio mtu wa IT kwenye kampuni ya safari hapa Arusha, pande za Njiro, mfumo wa buking tuliuziwa na jamaa ambao siwataji jina, na sasa hivi ni msimu, magari yanaondoka kwenda Serengeti na Ngorongoro kila asubuhi. Juzi umeme umekatika alfajiri, umerudi, seva imewaka, mfumo umegoma. Dada wa mapokezi ananipigia, "kaka njoo haraka, kuna mgeni anauliza kama tumehakiwa." Nafika nakuta skrini imejaa maandishi toka juu mpaka chini, majina ya mafaili yao, folda za kwenye laptop zao, mstari wa kodi (code) uliofeli, na kule mwisho toleo la .NET tunalotumia, yaani jukwaa la Microsoft ambalo mfumo umejengwa juu yake. Na sio sisi tu tunaoona, mgeni aliyeko Ujerumani akifungua saiti alipie depoziti anakutana na hayohayo!!

Chanzo chenyewe kidogo mno. PostgreSQL, yaani databesi ya mfumo, ikizimika ghafla, ikiwaka tena inajiweka sawa kwanza kabla ya kupokea mtu, ukibisha hodi mapema inakujibu kwamba bado inawaka. Unasubiri kidogo unajaribu tena, basi. App yao imejaribu mara moja, imefeli, imeishia hapo. Halafu wameiacha kwenye Development (hali ya kutengenezea, inayoonyesha makosa kwa kina) na CaptureStartupErrors (setingi ya kudaka makosa ya kuwaka) wameiwasha, yaani app imeshindwa kuanza lakini inabaki imesimama inamwaga mambo ya ndani kwa kila anayepita. Na logi, yaani kumbukumbu za makosa, je? Wameziweka kwenye databesi ileile ambayo haijawaka. Mgeni anaona kila kitu, mimi fundi sioni kitu.

Tumelalamika, wakazima hizo setingi, wakaondoka. Sasa hivi app ikifeli inakufa moja kwa moja, Nginx, seva inayokaa mbele ya app kupokea wageni, inatoa 502 Bad Gateway, ukurasa mweupe na maneno mawili matatu. Nawapigia naambiwa "bro mbona ukurasa wa error tulishakutengenezea, una mpaka logo yenu". Ndio upo, lakini upo ndani ya app! UseExceptionHandler, kipande cha .NET kinachotoa huo ukurasa, inadaka makosa yanayotokea app ikiwa imeshawaka na inahudumia rikwesti, app isipowaka kabisa nani atautoa huo ukurasa? Ni sawa na kubandika tangazo la "tumefunga" ndani ya duka wakati geti la nje limeshushwa. Nimewaeleza hili kwa upole, nimewaeleza kwa ukali, bado wanarudia habari ya logo.

Ukurasa wa namna hii unakaa nje ya app. Faili moja la HTML, staili zake humohumo ndani usitegemee chochote kutoka kwenye app, halafu Nginx unaiambia kwa setingi yake ya error_page ilitoe hilo faili ikikutana na 502, 503 au 504, namba za app kutopatikana au kutojibu. Uandikwe Kiswahili na Kiingereza kwamba mfumo una hitilafu, kama ulishalipa usilipe tena, tupigie namba hii. Hiyo ya usilipe tena ndio muhimu kuliko zote, maana mtu akiona ukurasa mweupe katikati ya malipo anabonyeza mara mbili mbili. Na jibu liende kama 503 (huduma haipo kwa sasa) pamoja na Retry-After (jaribu tena baada ya muda fulani), msirudishe 200 (kila kitu sawa) halafu Google ikadhani hiyo ndio saiti yenu. Maelezo marefu ya kosa yaende kwenye faili la logi pale kwenye seva, nikiingia niyakute.

Na nyie wa PHP msijione mko salama, manual ya PHP yenyewe inaonya kwamba PDO, kiunganishi chake cha databesi, ikishindwa kuunganisha na hujadaka hilo kosa (eksepsheni), inaweza kuanika mpaka yuza na paswedi ya databesi. Kwenye databesi yetu kuna namba za pasipoti za watu! Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na taarifa zikivuja mgeni anatudai sisi, hamjui developa wala hana habari naye.

Mkataba wao wa matengenezo unaisha mwisho wa mwezi na bosi ameniachia mimi niseme ndio au hapana. Nitawaita ofisini, nitaizima databesi mbele yao, nitaiwasha app. Nisipouona huo ukurasa sisaini, na kama kuna mtu hapa Arusha au Moshi anayefanya hii kazi kwa umakini aje PM.