Naomba ushauri: sensa ya umbali haioni korosho chini ya majani

Wakuu, nipo Newala, Mtwara. Mama mkubwa anaokota korosho kainama kutwa, mgongo umechoka, na nyingine zinabaki zimejificha kwenye majani makavu. Nikaunda fimbo yenye sensa ya umbali (si ile ya kuhesabu watu), aina ya HC-SR04, inayopima kwa mwangwi wa sauti ya juu isiyosikika kwa sikio (40 kHz). Sebuleni, sentimita 20 juu ya sakafu, nikiweka korosho namba inashuka hadi 18. Shambani imenitia aibu! Mwangwi unarudi kutoka jani la juu, korosho iko chini imetulia. Kijiti, kichuguu, bibo, kwake vyote sawa. Rafiki anasema nihamie sensa ya leza, inayopima kwa mwanga, ila jua la mchana huivuruga, na jani bado ni jani. Nifagie kwanza ndipo nipime, au nitafute kamera? Bajeti haizidi elfu hamsini.