Risala ya mahafali: shukrani nizipangeje?

Swali: Habari wakuu. Nimepewa kuandika risala ya wahitimu wa kidato cha nne. Nianze kumshukuru nani, na iwe ndefu kiasi gani?

Jibu: Hongera. Fuata itifaki: mgeni rasmi, mwenyekiti wa bodi, mkuu wa shule, walimu, wazazi. Kurasa mbili zatosha. Ikipita dakika saba ukumbi unaanza soga. Vyeo vihakikiwe ofisini siku mbili kabla.

Jibu: Wapishi, matroni na mlinzi husahaulika mno, na si haki. Taja walichofanya: "mlioamka saa kumi alfajiri kuwasha kuni tupate uji." Changamoto weka mbili tu, zenye idadi. "Madawati 40 yamepungua" hujibika. "Uhaba wa madawati" haujibiki.

Jibu: Chapa nakala tatu: ya msomaji, ya mgeni rasmi, ya ofisi.