Kitabu cha safari za Krapf kisicho na ukurasa wa jina: mwaka wake hujulikanaje?

Mjukuu wa Langoni

Assalamu alaikum, ndugu zangu. Katika kulipanga kasha la marehemu babu, hapa Langoni, Lamu, nimekuta kitabu cha Kiingereza cha Johann Ludwig Krapf, yule mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, kinachosimulia safari zake za Uhabeshi na za pwani yetu. Kurasa za mwanzo zimeng'oka, ukiwemo ukurasa wa jina, na mgongo umefunikwa kwa kitambaa cheusi ambacho nadhani babu alikigandisha mwenyewe. Dalali mmoja alikifunua kwa dakika tano, akasema ni chapa ya London ya mwaka 1860, kisha akaomba nimuuzie ramani peke yake, nami nibaki na kitabu. Naomba mwenye ujuzi anieleze dalali amejuaje. Tena kinanuka ukungu. Je, nikianike juani?

Mzee wa Maktaba

Wa alaikum salaam, mwanangu. Huenda dalali amesema kweli, lakini hakuweza kuijua kweli hiyo kwa kusoma yaliyomo. Krapf alitoa kwanza masimulizi yake kwa Kijerumani mwaka 1858. Chapa ya Kiingereza ikatolewa na Trübner wa London mwaka 1860, na mwaka huohuo Ticknor and Fields wa Boston nao wakaitoa Marekani. Kisha mwaka 1968 Frank Cass wa London alikirudia kwa kuzipiga picha kurasa za zamani, akaongeza utangulizi mpya wa R. C. Bridges. Ukiung'oa utangulizi huo pamoja na ukurasa wa jina, unabaki na maneno yaleyale, kwa herufi zilezile, hata Mlima Kenya ukiwa bado umeandikwa "Kegnia" kama Krapf alivyousikia alipouona kutoka Ukambani tarehe 3 Desemba 1849.

Kwa hiyo usisome, papasa. Usiku zima taa, uilaze tochi ubavuni mwa ukurasa ili mwanga upite juu ya karatasi kama jua la magharibi linavyopita juu ya mchanga. Herufi za 1860 zilikuwa za madini, zikigandamizwa kwenye karatasi, na aghalabu huacha vijivimbe upande wa pili ambavyo hata kidole huvihisi. Maandishi yaliyotokana na picha hulala bapa. Ramani nayo usiitenge kabisa. Wako wanaovinyofoa vitabu vya namna hii ili wauze ramani na picha mojamoja kwa watu wa kutundika ukutani, na kinachobaki hakuna anayekitaka.

Mshona Majalada

Usikianike. Jua la Lamu litapausha rangi ya jalada na kuikausha gundi mpaka mgongo upasuke. Kiweke kivulini penye upepo, kikiwa kimesimama wima na kurasa zimeachana kidogo, na ukungu ukishakauka uupanguse nje ya nyumba kwa brashi laini huku umejifunga kitambaa puani. Baada ya hapo usikirudishe ndani ya kasha lililofungwa, wala kwenye kidaka cha ukuta wa nje, kwa sababu kuta zetu za matumbawe hunywa unyevu wakati wa masika na kuutoa polepole. Ukiona vumbi laini likidondoka kwenye vitundu, kuna wadudu. Kifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki isiyopitisha hewa, ukigandishe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, na usiifungue mifuko hadi kirudie joto la chumba. (Si katika friza ya samaki, tafadhali. Nimewahi kuletewa kitabu kilichonuka nguru.) Kurasa zilizolegea zifunge kwa utepe wa pamba. Seloteipu usiiguse, maana gundi yake hugeuka manjano na kuzama katika karatasi, na kuitoa ni kazi ya siku nzima kwa ukurasa mmoja.

Binti Shela

Naongeza habari ya kuuza nje ya nchi. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inalinda vitu vya kabla ya mwaka 1895, na hata milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1946, lakini katika kueleza maana ya vitu vya kale imevitoa vitabu na hati. Ajabu hii hunikera: mlango wa jirani yangu una ulinzi ambao kitabu kilichomo ndani hakina. Krapf huyu ndiye aliyepeleka Ujerumani mswada wa Chuo cha Herekali, utenzi uliotungwa Pate mwaka 1728, na wasomi wetu wameufuata hukohuko. Kabla ya kumjibu dalali, mwombe mtu akupigie picha kila ukurasa, kama zilivyopigwa hati za Msikiti wa Riyadha.

Mjukuu wa Langoni

Nawashukuru nyote. Jana usiku nililaza tochi kama alivyoelekeza Mzee, na nyuma ya kila mstari nikaona safu ya vijivimbe, hafifu katikati ya ukurasa na dhahiri zaidi pembeni. Mama alipopitisha kidole alisema ni kama nyuma ya kitambaa cha kofia kabla hakijafuliwa. Kwa hiyo si nakala ya 1968. Sasa nabaki na London na Boston. Kwenye ncha ya chini ya mgongo, pale kitambaa cha babu kilipobanduka chenyewe, kuna alama ya dhahabu, herufi moja iliyofutika nusu ambayo ni T, na majina yote mawili, Trübner na Ticknor, yanaanza nayo. Mshona Majalada, je, kitambaa kilichogandishwa hubanduliwa kwa mvuke, au nikuletee kama kilivyo?

Mshona Majalada

Usitumie mvuke. Kilete kama kilivyo, na ramani ikiwa ndani.