Chumba kimoja kilichobaki wazi: karakana ya useremala, chumba cha kushonea au chumba cha kuchorea?

Mwenye Chumba

Habari zenu nyote. Mimi na baba watoto tumebakiza miaka miwili na nusu kufikia kustaafu, na kitindamimba wetu amehamia kwake mwezi uliopita. Chumba alichokiacha kina upana wa mita 3 na urefu wa mita 3.6, dirisha moja kubwa, soketi mbili tu, na mlango wenye nafasi ya sentimita 70. Ukuta wake mmoja unapakana na chumba chetu cha kulala. Tumekubaliana kukikarabati sasa, wakati mishahara bado inaingia, ili siku tutakapoanza kushinda nyumbani kiwe tayari kwa kazi za mikono na kisigeuke stoo ya maboksi.

Ubishi uko kwenye matumizi. Mume wangu anataka karakana ya useremala. Tangu tuoane ametengeneza vigoda, rafu na kitanda kimoja, vyote akivifanyia kazi barazani, na sasa anatamani kununua msumeno wa umeme wa mezani. Mimi nina cherehani ambayo kwa miaka mingi imekaa kwenye meza ya kulia, na kila ufikapo wakati wa chakula nalazimika kuiondoa hata kama pindo limefika nusu. Halafu miaka miwili iliyopita nilianza kuchora kwa rangi za maji, na hilo, nikisema kweli, ndilo ninalolifikiria nikiwa njiani kurudi kutoka kazini. Nawaomba mnilinganishie njia hizi tatu kwa uzoefu wenu, hasa ninyi mliokwisha kustaafu.

Jambo la mwisho: kwenye fremu ya mlango huo kuna alama za penseli za vimo vya watoto wetu watatu, tangu walipoanza kusimama. Naomba mshauri mkilijua hilo.

Fundi Randa

Dada Mwenye Chumba, nilistaafu miaka 6 iliyopita na nilifanya hasa anachokitaka shemeji, yaani niliweka msumeno wa mezani katika chumba cha ndani kilichopakana na chumba cha kulala. Kabla ya miezi miwili kwisha, vumbi lilikuwa limefika kwenye makunjo ya shuka ndani ya kabati lililofungwa. Ukipitisha kidole juu ya rafu, kidole kinarudi na unga wa rangi ya kahawia, laini kama poda. Unga huo ndio wa kuogopwa. Maranda mazito huanguka sakafuni yakafagiwa, lakini unga huelea hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa na huingia puani na mapafuni bila mtu kuhisi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka unga wa mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 1995, likitaja hasa saratani ya pua na ya mianya inayoizunguka. Nilinunua barakoa nzuri na mashine ya kufyonza vumbi, na vilisaidia, lakini huwezi kumvalisha barakoa mkeo aliyelala chumba cha pili.

Kelele nazo si jambo dogo. Msumeno wa aina hiyo hufikia takriban desibeli 100. Kwa hesabu inayotumiwa na watafiti wengi wa afya kazini, sikio linastahimili desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hupungua kwa nusu. Ukifika 100 unabakiwa na dakika 15 tu. Katika umri wetu, usikivu uliokwisha kupungua haurudi.

Hata hivyo sisemi aache useremala, Mungu apishe mbali. Mashine niliiuza, nikabaki na randa, misumeno miwili ya mkono, patasi nne na jiliwa, na nakiri kwamba ni tangu hapo ndipo nilipoanza kuipenda kazi hii kwa dhati. Randa iliyonolewa sawasawa, ikipita juu ya ubao kwa kufuata nyuzi zake, hutoa utepe mwembamba kiasi cha kuona mwanga ukipenya, nao hujiviringa na kuanguka miguuni bila kutimua vumbi. Vumbi hubaki kwenye msasa, na msasa hufanyiwa kazi nje. Kama baraza lenu lina paa, mwache shemeji abaki barazani na fedha za msumeno wa umeme zitumike kumpatia meza ya kazi iliyo nzito, isiyotikisika, ambayo kimo chake kinalingana na kifundo cha mkono wake akiwa amesimama wima na mikono ameiachia chini. Meza ikiwa ndefu kuliko hapo, anaporanda atatumia misuli ya mabega peke yake na jioni atalalamika shingo.

Tahadhari moja kuhusu baraza: mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, na zinapofanya hivyo hutanuka na kusinyaa kwa upana, kwa urefu karibu si kitu. Ubao uliohifadhiwa nje ukitengenezewa droo na droo hiyo ikaletwa ndani, italegea au kupasuka. Kwa hiyo hata kama atafanyia kazi nje, apewe kona ya ndani ya kulaza mbao zake wiki kadhaa kabla ya kuzikata.

Pindo na Uzi

Nakubaliana na mzee Fundi Randa kuhusu vumbi, na naongeza kwamba cherehani na vumbi la mbao haviwezi kuishi chumba kimoja. Hata pamba inayotoka kwenye kitambaa chenyewe hujaa chini ya meno yanayosukuma kitambaa hadi mshono ukaanza kuruka, sembuse unga wa mbao ukichanganyika na mafuta ya mashine.

Mimi nilipata chumba changu cha kushonea nikiwa na miaka 57, na sikujua nilikuwa nimepoteza kiasi gani kwa kushonea kwenye meza ya kulia. Tofauti kubwa haikuwa nafasi, ilikuwa ni kuiacha kazi ilivyo. Ninapoondoka, mkono wa blauzi unabaki umebanwa kwa pini pale pale, na kesho yake ninakaa na kuendelea kuanzia kwenye pini ileile, wakati zamani nusu saa nzima ilikwenda kwa kupanga na kupangua.

Mpangilio wenyewe uangalie mambo mawili. La kwanza ni vimo. Cherehani ikae kwenye meza ya sentimita 70 hadi 75, lakini kukatia kitambaa kunahitaji meza ndefu zaidi, kama sentimita 90, kwa sababu anayekata akiwa ameinama mgongo wake utamjibu usiku. La pili ni mwanga, na hapa nitasisitiza. Lenzi ya jicho huwa ya manjano na mboni hupungua upana kadiri tunavyozeeka, hata inakadiriwa kwamba mwanga unaofika nyuma ya jicho la mtu wa miaka 60 ni kama theluthi moja ya ule unaofika kwa kijana wa miaka 20. Kwa hiyo taa moja ya katikati ya dari, iliyomtosha mtoto wenu kusomea, haitawatosha ninyi kutunga uzi mweusi kwenye sindano wala kufumua mshono kwenye kitambaa cheusi. Wekeni taa ya mezani yenye shingo inayopinda, ikae upande wa mkono usiofanya kazi ili kivuli cha mkono kisiangukie sindano.

Kuhusu soketi mbili: pasi peke yake huweza kuvuta wati 2,000 na zaidi, kwa hiyo isichomekwe kwenye ekstensheni moja na vitu vingine. Mwite fundi umeme aongeze soketi kabla ya kuta kupakwa rangi, si baada yake.

Brashi Nyepesi

Mimi nitautetea uchoraji, kwa kuwa naona dada ameutaja mwisho na kwa sauti ya chini, kana kwamba anaomba radhi. Kati ya kazi hizi tatu, rangi za maji ndizo zinazohitaji kidogo kuliko zote: meza, mitungi miwili ya maji, brashi chache nzuri na karatasi. Karatasi iwe ya gramu 300 kwa mita ya mraba, maana iliyo nyepesi kuliko hapo hujikunja ikilowa na rangi zote hukusanyika bondeni.

Chumba kinachomfaa mchoraji hupimwa kwa dirisha. Jua likiingia moja kwa moja, kivuli kinahama ukiwa bado unakichora, na weupe wa karatasi unaumiza macho. Ndiyo maana wachoraji wa kaskazini ya ikweta hupenda dirisha linalotazama kaskazini, na wa kusini ya ikweta hupenda linalotazama kusini. Lenu likipigwa na jua, pazia jembamba jeupe linatosha kulituliza. Kuta zipakwe nyeupe au kijivu hafifu. Ukuta wa kijani hurusha kijani kwenye karatasi na utashangaa kwa nini nyuso unazochora zinaonekana kama za wagonjwa.

Siku ukivutwa na rangi za mafuta, fikiri upya. Picha huchukua siku kadhaa kukauka hata kwa kugusa tu, tapentaini hutoa mvuke unaohitaji dirisha wazi, na matambara yaliyolowa mafuta ya kitani ni hatari ya kweli. Mafuta hayo hukauka kwa kuungana na oksijeni na kutoa joto, kwa hiyo tambara lililofinyangwa na kutupwa kwenye ndoo huweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Lianikwe nje likiwa limekunjuliwa, au lilowekwe maji ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko. Shemeji naye alisikie hili, kwa kuwa maseremala hutumia mafuta hayohayo kung'arisha mbao.

Viungo Vyepesi

Nimefanya kazi kwa miaka mingi na wagonjwa wa viungo, na nitachangia la upande wangu tu. Maumivu yanayowapata watu wengi wa rika lenu huanzia kwenye kiungo kilicho chini ya dole gumba, na mkasi wa kukatia kitambaa hukichosha kiungo hicho haraka kuliko msumeno wa mkono, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Vipini vinene husaidia katika kazi zote tatu. Hata brashi huweza kuvishwa sponji.

Pili, mlango wa sentimita 70 ni mwembamba. Fikirieni sentimita 80 za nafasi wazi kwa uchache, na 90 kama inawezekana, ili siku mmoja wenu akihitaji fimbo ya kutembelea yenye miguu minne au kiti cha magurudumu, asifungiwe nje ya chumba anachokipenda. Gharama ya kuupanua sasa, wakati fundi yuko kazini, si sawa na ya kumwita tena baadaye. Najua ulichosema kuhusu fremu, na nimesita kuandika hili.

Mwenye Chumba

Nawashukuru sana. Ushauri wa vumbi nimemsomea mume wangu mara mbili, naye amenyamaza, na kwake ukimya huo ni kukubali. Lakini hilo la mlango limeniweka njia panda. Ni kweli tupu, na mama yangu mzazi alishindwa kuingia bafuni kwake kwa sababu kama hiyo. Je, kuna namna ya kupanua bila kupoteza alama zile?

Mtoto wa Mwisho

Shikamooni wazee wangu. Mimi ndiye kitindamimba kwetu, na nilipohama wazazi walifanya kama ninyi. Naomba tu muache nafasi ya godoro la kukunja. Nilipokwenda kuwasalimia na kukuta hakuna pa kulala, nililala sebuleni na sikusema kitu, ila siku zilizofuata nilijikuta nakwenda asubuhi na kuondoka jioni.

Fundi Randa

Marahaba, mwanangu, na umesema jambo ambalo sisi wakubwa tulilisahau.

Dada, inawezekana. Fremu ya mbao haishikamani na ukuta kwa uganga. Imefungwa kwa misumari au skrubu na kuzibwa kwa lipu. Fundi asianze kwa nyundo. Kwanza lipu ikatwe taratibu pembeni mwa fremu, kisha uingizwe msumeno mwembamba wa kukatia chuma kati ya fremu na ukuta, misumari ikatwe mmoja mmoja, na mguu wenye alama utoke mzima. Kabla ya hapo, pimeni umbali kutoka sakafuni hadi alama ya chini kabisa na muuandike nyuma ya ubao, ili utakaposimikwa tena vimo visidanganye. Alama za penseli zifunikwe kwa vanishi ya kupulizia kwa tabaka nyepesi, kwa kuwa brashi itazifuta.

Pindo na Uzi

Naongeza neno moja tu: usiruhusu kona ya mbao za shemeji ikageuka nusu ya chumba. Mipaka iwekwe sasa.

Mwenye Chumba

Tumefikia uamuzi jana baada ya chakula. Chumba kitakuwa cha kuchorea na kushonea. Meza ya kuchorea itakaa chini ya dirisha, na cherehani itakaa ukuta wa pili ikiwa na taa yake. Meza ya kukatia itakuwa ya kukunjwa ukutani, na chini yake ndipo godoro la wageni litakapohifadhiwa, kwa hiyo mwanangu uliyeandika hapo juu, umetusaidia kuliko unavyodhani. Mume wangu anabaki barazani na zana za mkono, na ukutani chumbani amepewa rafu mbili za kulazia mbao, zenye upana tuliokubaliana na kuuandika. Fundi umeme anakuja wiki ijayo kuongeza soketi nne.

Mlango utapanuliwa hadi sentimita 90. Mguu wa fremu wenye alama utasimikwa ndani ya chumba, kando ya dirisha, penye mwanga mzuri zaidi. Mume wangu hakutaka fundi aushike. Leo asubuhi nimemkuta amepiga magoti mlangoni na futi ya kupimia, anaandika namba kwenye kipande cha karatasi, na alama ya chini kabisa imetoka sentimita 74.