Mbegu za marehemu mama mkwe: chunguni, benki ya mbegu ya kijiji, au Muguga?

NyarNyakach (Kisumu)
Habari zenu wakulima. Mama mkwe wangu alitutoka Desemba. Jikoni kwake nimekuta mahindi ya kienyeji ya nyamula yamefungwa kwa maganda yake na kuning'inizwa juu ya moto, meusi kwa moshi, kibuyu cha mtama mwekundu, na chungu cha kunde kilichojaa majivu. Hakuna mwingine hapa kijijini aliyebaki na nyamula. Shemeji anasema tuyasage tule, tununue mbegu za hibridi za dukani. Mimi sitaki yapotee mikononi mwangu. Niendelee na njia ya mama, niyapeleke kwa kikundi chenye benki ya mbegu, au yaende kwenye benki ya mbegu ya serikali kule Muguga? Waliojaribu waniambie.

ShambaGilgil
Pole sana kwa msiba, dada. Mimi niko na kikundi hapa Gilgil, na Seed Savers Network wako huku kwetu tangu 2009, kwa hiyo mambo ya kuhifadhi mbegu tumeyazoea. Kwetu ukiazima kilo moja, unarudisha mbili ukishavuna. Faida kubwa ni kwamba mvua ikikukataa wewe, jirani wa mlima wa pili huenda amevuna, na mbegu inarudi. Tena tunaandika daftarini aliyeileta, jina la kienyeji, na inapandwa lini. Ila kikundi kina udhaifu wake. Mwaka mmoja paa la stoo lilivuja na hakuna aliyefungua mlango kwa wiki tatu, kila mtu akidhani mwenzake ameangalia. Tulipoteza maharagwe ambayo mpaka leo hatujayapata tena. Usipeleke yote.

MkulimaRongai (Nakuru)
Nitasema ukweli wangu. Mahindi ya kuuza napanda hibridi ya 614, na ukiipa mbolea na mvua ya kutosha kienyeji haiifikii kwa magunia. Lakini ukirudisha shambani mbegu uliyovuna kwenye hibridi, mwaka wa pili mimea inatoka mirefu kwa mifupi na mavuno yanashuka, ndiyo maana kila Machi niko dukani. Mwaka ambao sina pesa ya duka, napanda nini? Nyumbani hatukuhifadhi chochote. Shemeji yako anunue hibridi akitaka, lakini asile mbegu.

MwalimuButere
Mama yako mkwe alijua kazi yake. Moshi na joto la moto hukausha punje na kufukuza dumuzi. Majivu yanajaa mianya kati ya kunde hadi mdudu hana pa kupita, na yanamkwaruza ngozi hadi anakauka. Lakini angalieni: siku hizi wengi tunapika kwa gesi au makaa, na kuning'iniza mahindi jikoni kusiko na moshi ni kumwandalia panya karamu.

Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri, mradi mbegu iwe kavu kabisa. Mimi nilifunga njugu mawe, tsimbande za bibi yangu, kabla hazijakauka vizuri. Nilipofungua zilikuwa na ukungu, hata moja haikuota. Tangu siku hiyo sifungi kitu bila kipimo cha chumvi: chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu na punje chache, tikisa, uache kwa dakika kumi na tano. Chumvi ikishika kwenye kioo, rudisha mbegu zikaanikwe.

Na nyamula isikae chunguni miaka na miaka. Huko inazeeka. Ipande, ila chavua ya mahindi hupeperushwa na upepo, kwa hiyo kama jirani ana hibridi acha angalau mita 200, au mpishane wiki tatu au nne za kupanda. Siku ya kuvuna chagua katikati ya shamba, kutoka mimea mingi, si mahindi matano makubwa tu. Kunde hazina shida hiyo sana, hujichavusha zenyewe.

NyarNyakach
Asante mwalimu, hata sikujua mahali pa kuanzia. Lakini nimeambiwa ukigawa mbegu isiyo na cheti unafungwa. Ni kweli?

WakiliShambani (Kakamega)
Ilikuwa hivyo. Mabadiliko ya sheria ya mbegu ya 2012 yaliweka kifungo cha hadi miaka miwili au faini ya hadi shilingi milioni moja. Wakulima 15 walienda mahakamani 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu kule Machakos iliamua kwamba vifungu vinavyowazuia wakulima kugawana mbegu zao vinakiuka Katiba. Mama zetu waliishi miaka hiyo yote wakifanya kwa kujificha jambo walilofundishwa na mama zao. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kuhusu Muguga: peleka kiasi. Wanahifadhi kwa baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na huko mbegu inaweza kudumu miongo mingi. Lakini mvua ikinyesha Jumatatu, hutakimbilia Muguga kutafuta mbegu ya kupanda Jumanne.

NyarNyakach
Nimerudi. Nimehesabu punje 100 za nyamula nikaziweka kwenye kitambaa kibichi. Zimeota 71. Nimelia kidogo, kwa sababu mkono uliozikausha haupo tena. Nusu naipanda mwezi ujao, punje mbili kila shimo, kwenye kipande cha nyuma ambako hakuna mahindi ya jirani. Robo naifunga vizuri na kuiweka ndani. Robo iliyobaki nitaigawa kati ya kikundi na Muguga. Shemeji amekubali kunisaidia kulima.

MkulimaRongai
Nyamula itastahimili huku kwetu kwenye baridi?

MwalimuButere
Itachelewa kukomaa. Jaribu mistari miwili kwanza.

MkulimaRongai
Basi mama, ukivuna niwekee gorogoro moja. Nitakuja mwenyewe Kisumu, na sitakuja mikono mitupu: nina mbegu za mboga za kienyeji, mitoo na managu ya majani mapana.