Naomba ushauri: mdogo wangu wa miaka 24 anataka kuacha sigara lakini anashindwa

Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu mdogo wangu wa kiume, aliyeanza kuvuta sigara akiwa kidato cha nne na ambaye sasa humaliza karibu pakiti nzima kwa siku. Alikuwa winga wa kutegemewa katika timu ya mtaa wetu hapa Mbagala. Siku hizi akipanda ngazi husimama katikati, mkono ukutani, akihema, kwa kuwa kaboni monoksidi ya moshi hushika nafasi ya oksijeni katika damu. Saa kumi alfajiri nasikia kiberiti kikiwashwa uani.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba mwenyewe anataka kuacha. Amejaribu mara tatu, na kila mara, siku ya pili au ya tatu, ambapo uchu wa nikotini huwa mkali mno, hukosa usingizi, hukasirikia kila mtu, kisha hurudi dukani kununua moja moja.

Zipo plasta na jojo za nikotini za kupunguza uchu huo, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Je, kuna aliyezipata hapa Dar es Salaam, na kwa utaratibu gani? Na ninyi mlioacha, mlivukaje siku hizo za mwanzo, na sisi wa nyumbani tumsaidieje bila kumsimanga?